Hewa ya Makaa

Msomaji, ukiketi jioni karibu na jiko la makaa lililokwisha kukolea moto, tazama vizuri juu ya makaa yale. Utaona ndimi ndogo za rangi ya buluu zikichezacheza, zikitokea hapa na kupotea pale, kana kwamba haziunguzi kitu. Makaa yenyewe ni mekundu. Ndimi hizo ni za buluu. Wengi wetu tumeziona tangu utoto wetu jikoni kwa mama, wala hatukuuliza zaunguza nini. Insha hii yahusu kitu kile kinachoungua katika ndimi hizo. Nimefundisha habari zake kwa miaka kadhaa hapa Tawa, na kila mwaka naona ya kuwa wanafunzi wayajua madhara yake kwa uvumi tu, na manufaa yake hawayajui kabisa.

Makaa ni kaboni, karibu yote. Kaboni iunguapo mahali penye hewa tele, kila atomi moja ya kaboni hujitwalia atomi mbili za oksijeni, ikawa kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo tuitoayo puani. Lakini katikati ya jiko, ambako makaa yamelundikana na hewa safi haipiti kwa wingi, mambo huwa mengine. Kaboni dayoksaidi iliyozaliwa chini hupanda kwa kupenya katika makaa mekundu, na makaa hayo huipokonya atomi moja ya oksijeni. Hapo huzaliwa hewa nyingine, yenye atomi moja ya kaboni na atomi moja ya oksijeni, nayo huitwa kaboni monoksaidi. Hewa hii huungua. Ikifika juu ya jiko ingali na moto wa kutosha, ikakutana na hewa safi, hushika moto wa buluu na kurudi kuwa kaboni dayoksaidi. Ikifika juu pasipo joto hilo, haiungui. Hutoka vivyo hivyo ilivyo na kuenea chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haimkohozeshi mtu. Uzito wake ni karibu sawa na uzito wa hewa tuvutayo, kwa hiyo haipandi darini ikakaa huko wala haitui sakafuni, bali huchanganyika na hewa yote ya chumba, ikamfikia aliyelala kitandani na aliyelala mkekani bila ubaguzi.

Watu wengi huuogopa moshi, na ni haki yao, maana moshi wa kuni hudhuru macho na mapafu. Lakini moshi una wema mmoja: humfukuza mtu. Hakuna awezaye kulala katika chumba kilichojaa moshi wa kuni mbichi. Makaa hayana wema huo. Mtu huyawasha nje, akangoja yaive, moshi ukaisha, ndipo akasema moyoni kwamba sasa yamekuwa safi na yafaa kuingizwa ndani. Kumbe hapo ndipo hatari ilipoanza.

Msomaji wa Mombasa au wa Lamu labda atacheka akiambiwa kuwa Ukambani kuna baridi. Na aje Tawa mwezi wa Julai. Ingawa nchi yetu hujulikana kwa ukame na jua kali, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu hulala juu ya milima ya Mbooni tangu asubuhi, manyunyu yakaanguka bila kuitwa mvua, na upepo wa usiku ukapenya chini ya milango. Ndipo watu huchukua jiko wakaliingiza chumbani, wakafunga dirisha, wakaziba na mwanya wa mlango kwa gunia, ili joto lisipotee.

Miaka michache iliyopita, katika msimu kama huo, jirani yangu alinigongea mlango kabla ya mapambazuko. "Mwalimu, inuka twende," akasema. "Dada yangu hapokei simu, na mlango wake nimeugonga hata mkono waniuma." Dada yake alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya maduka, akiishi humo na binti yake na mtoto mdogo wa kiume. Tuliuvunja mlango. Mama yule alikuwa amejikokota kutoka kitandani hata nusu ya chumba, ametapika, haelewi aulizwalo. Watoto walikuwa wamelala kwa utulivu mkubwa, na utulivu ule ndio ulionitia hofu zaidi. Jiko lilikuwa katikati, limejaa majivu, lingali na uvuguvugu. Moshi haukuwapo hata kidogo. Tuliwatoa tukawalaza uani penye upepo, kisha tukawapeleka hospitali katika gari la mchuuzi wa mboga, nako wakapewa oksijeni tupu ya kuvuta. Wote watatu walipona, namshukuru Mungu.

Binti yule alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Aliporudi darasani baada ya majuma mawili, aliinua mkono katikati ya somo la elementi, akauliza: "Mwalimu, hewa ile ilitaka nini katika damu yangu?"

Swali zuri kuliko hilo sijapata kuulizwa. Darasa zima lilinyamaza. Nami niliacha somo nililokuwa nimelitayarisha, nikalijibu siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine tena, kwa sababu jawabu lake lilitutoa kwenye chumba kile cha nyuma ya maduka likatupeleka mbali sana.

Jawabu fupi ni hili: ilitaka chuma. Katika kila chembe nyekundu ya damu mna kitu kiitwacho hemoglobini, na katika hemoglobini mna atomi za chuma. Atomi hizo ndizo zishikazo oksijeni mapafuni zikaichukua hata ubongoni na misulini, kisha zikaiachilia huko. Zaishika oksijeni kwa mkono mwepesi, kama mchukuzi ashikavyo mzigo wa watu, akijua kwamba atautua. Lakini kaboni monoksaidi ikifika huishika atomi ya chuma kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko nguvu za oksijeni, wala haitaki kutua. Hewa kidogo tu katika chumba yatosha kuziteka chembe nyingi za damu kwa usiku mmoja. Mtu hupumua vizuri, kifua chapanda na kushuka, hali oksijeni haifiki iendako. Kichwa humuuma, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea; na aliye usingizini hayasikii hayo yote, husinzia zaidi na zaidi. Dawa yake ni kumtoa nje mara moja, na hospitalini oksijeni tupu, ili wingi wake uisukume adui kidogo kidogo itoke katika chuma.

Hapa nakuomba, msomaji, usiruke mstari. Ikiwa wewe ni mwanafunzi uliyepanga chumba karibu na shule yako, kama walivyo wengi, usilale na jiko la makaa ndani, hata likiwa limebaki na makaa mawili. Jiko letu la Kenya lenye udongo ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa, na ni jambo jema. Lakini haliondoi hewa hii. Tena, watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, msitafute malaria kwanza. Fungueni mlango mtoke.

Sasa nirudi kwenye chuma. Kaboni monoksaidi haipendi chuma cha damu peke yake. Hupenda metali nyingi. Jambo hili liligunduliwa wazi mwaka 1890 na Ludwig Mond, mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi yake Uingereza, pamoja na wenzake. Walipitisha hewa hii juu ya unga laini wa nikeli uliotiwa joto la wastani, na nikeli ikapaa! Metali ngumu, nzito, itumikayo kutengeneza sarafu, iligeuka kuwa mvuke. Kila atomi moja ya nikeli ilikuwa imezungukwa na molekuli nne za kaboni monoksaidi, zikaibeba hewani. Kitu hicho ni maji maji yachemkayo kwenye nyuzi 43, yaani chini sana ya joto la chai iliyotoka jikoni sasa hivi. Mvuke ule ukitiwa joto zaidi, hewa huiachilia nikeli, ikaanguka safi kabisa, bila takataka ya metali nyingine. Mwaka 1902 kiwanda cha kusafisha nikeli kwa njia hiyo kilifunguliwa Clydach, katika nchi ya Wales. Mvuke wenyewe ni sumu kali kuliko hata kaboni monoksaidi, na sitaki kusikia kwamba msomaji yeyote amejaribu kuufanya.

Basi tabia iuayo ndiyo hiyo hiyo itumikayo. Hewa ishikayo metali yaweza kuongozwa na metali, na wakemia walipolifahamu hilo walianza kuitafutia kazi.

Kabla ya kueleza kazi mojawapo, sharti niseme polima ni nini. Neno ni geni lakini kitu ni cha nyumbani. Akina mama wa Ukambani husuka viondo vya katani huku wakitembea kwenda sokoni, mikono ikifanya kazi na vinywa vikizungumza. Uzi ule wa katani, ukiuchungua ndani kabisa, umefanyika kwa selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo za sukari zilizoshikana moja kwa moja, maelfu kwa maelfu. Mnyororo wa namna hiyo ndio uitwao polima. Pamba ni polima, nywele zako ni polima, utomvu wa mpira ni polima. Mfuko wa plastiki nao ni polima, ila minyororo yake imesukwa kiwandani kwa molekuli za ethilini, hewa ipatikanayo katika mafuta ya petroli, yenye atomi mbili za kaboni na nne za haidrojeni.

Ethilini haijisuki yenyewe. Zamani ililazimishwa kwa mgandamizo mkubwa wa kutisha. Mwaka 1953 Karl Ziegler, katika chuo cha uchunguzi wa makaa ya mawe mjini Mülheim, Ujerumani, alionyesha kwamba ikiwa na metali ifaayo yaweza kusukwa kwa mgandamizo wa kawaida. Naye Giulio Natta wa Italia akaendeleza kazi hiyo kwa propilini. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Metali ifanyayo kazi hiyo huitwa kichocheo. Wanafunzi wangu hulielewa neno hili upesi nikiwaambia habari ya mshenga. Mshenga huenda kwa wazee wa mwanamke, akarudi kwa wazee wa mwanamume, akaondoa vizuizi, ndoa ikafungwa. Naye mwenyewe haoi wala haolewi, hurudi kwake akangoja kazi nyingine. Kichocheo ni hivyo. Huwaunganisha wawili ambao peke yao wangekawia mno, na kazi ikiisha kingali kizima.

Swali lililowasumbua wakemia lilikuwa hili: je, kaboni monoksaidi, ambayo ni rahisi na hupatikana kwa wingi, haiwezi kusukwa pamoja na ethilini katika mnyororo mmoja? Katika miaka ya 1940 Walter Reppe wa Ujerumani alijaribu kwa vichocheo vya nikeli, akafaulu, lakini kwa shida na kwa mazao haba. Baadaye macho yaligeukia paladiamu, ndugu yake nikeli katika jedwali la elementi, metali ya thamani kama dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ayusman Sen, mkemia mwenye asili ya Uhindi aliyefundisha Marekani, alionyesha kwamba paladiamu yaweza kazi hiyo bila kulazimishwa kwa joto kali. Karibu na wakati huo huo, katika maabara ya Shell mjini Amsterdam, Eite Drent alikuwa akiunganisha ethilini, kaboni monoksaidi na methanoli kwa paladiamu, akitazamia kupata maji maji fulani ya kiwandani. Aliyapata. Kisha akabadili molekuli ndogo zilizoizunguka paladiamu, na badala ya maji maji akapata unga mweupe mgumu. Ulikuwa polima.

Sababu yake yafaa kuelezwa, kwa kuwa ni nzuri. Atomi ya paladiamu ina nafasi nne za kushikia. Mbili hushikwa na molekuli saidizi zenye fosforasi, na mbili hubaki kwa ajili ya kazi: moja ya mnyororo unaosukwa, na moja ya kipande kipya kinachokuja. Molekuli saidizi zikiwa mbili mbalimbali, zaweza kukaa zimeelekeana, moja kila upande, hata nafasi mbili za kazi zikatengana. Mnyororo uko huku, mgeni yuko kule, hawagusani. Drent alitumia molekuli saidizi moja yenye mikono miwili. Mikono hiyo, kwa kuwa imetoka katika mwili mmoja, haina budi kushika nafasi mbili za jirani. Kwa hiyo nafasi mbili za kazi nazo zikawa jirani daima, na kila mgeni ajaye humkuta mnyororo ubavuni pake.

Na zaidi ya hayo, polima ile ilikuwa na utaratibu wa ajabu. Baada ya kila ethilini moja ilifuata kaboni monoksaidi moja, kisha ethilini, kisha kaboni monoksaidi, hata mwisho wa mnyororo. Nani aliyehesabu? Hakuna aliyehesabu. Paladiamu huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu kuliko ethilini, kama ilivyo desturi ya hewa hiyo, kwa hiyo ethilini ikiisha kuingia, kaboni monoksaidi huwahi. Lakini kaboni monoksaidi mbili haziwezi kukaa zimefuatana katika mnyororo, maana muungano wao hauna faida ya nguvu, hukataa. Yabidi basi paladiamu ingoje ethilini ipite, ndipo zamu irudi. Msukaji wa kiondo cha rangi mbili huhesabu nyuzi kwa macho na vidole. Hapa hesabu imo ndani ya tabia ya vitu vyenyewe.

Polima ya namna hiyo huitwa poliketoni. Plastiki ya ethilini tupu, hata ile ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi kama 130; poliketoni iliyofanywa kwa ethilini na kaboni monoksaidi peke yake huhitaji nyuzi kama 260. Oksijeni zitokezazo ubavuni mwa mnyororo huzivuta kaboni na haidrojeni za minyororo jirani kwa namna ambayo hufanya kitu kizima kiwe kigumu, kistahimilivu cha msuguano, kisichopenyeka upesi na petroli. Yafaa kwa magurudumu ya meno ya mashine na kwa mabomba.

Wala si ethilini tu iwezayo kusukwa hivyo. Kuna haidrokaboni ambazo atomi zake za kaboni hazikujipanga kwa mstari bali kwa pete. Mojawapo ni nobonini. Ina atomi saba za kaboni: sita zimefanya pete, na ya saba imepita juu ya pete kutoka upande huu hata upande huu, mfano wa mkono wa kikapu. Hupatikana kwa kuunganisha ethilini na haidrokaboni nyingine yenye pete ya atomi tano. Mkono ule wa kikapu huivuta pete ikapindika, na viungo vyake vikakaa katika taabu, kama upinde uliovutwa. Kiungo chake maradufu chatamani kufunguka ili taabu ipungue, na kichocheo kikikaribia hukipokea kwa haraka. Mwaka 1965 Jiro Tsuji wa Japani na mwenzake walitangaza kwamba walisuka ndugu yake nobonini, aitwaye nobonadini, pamoja na kaboni monoksaidi, kwa paladiamu. Minyororo ya namna hiyo ni mikakamavu, kwa sababu pete hazipindiki. Ni kama uzi uliotungwa shanga kubwa zilizobanana. Kazi ya haidrokaboni za pete imekuwa ya maabara zaidi kuliko ya viwanda, lakini kwangu mimi ndiyo inayopendeza kufundisha, kwa kuwa mwanafunzi akiisha kuchora kikapu kile ubaoni, ameelewa kwa nini umbo la molekuli ni sehemu ya tabia yake.

Nilisema poliketoni ni plastiki njema. Shell iliiuza tangu mwaka 1996 kwa jina la Carilon, na mwaka 2000 ikaacha. Iliacha kwa hesabu za biashara, wala si kwa kuwa kitu kilikuwa kibaya. Mwanafunzi anayedhani kwamba kila uvumbuzi bora hushinda sokoni na ayakumbuke hayo. Kampuni ya Hyosung ya Korea ya Kusini iliichukua kazi ile ikatangaza poliketoni yake mwaka 2013, ikajenga kiwanda Ulsan.

Hapa Tawa, nikifika mahali hapo katika somo, daima kuna mmoja anayeuliza: "Na makaa ya mawe ya Mui?" Ni swali la haki. Bonde la Mui liko ng'ambo, katika Kaunti ya Kitui, na ardhi yake ina makaa ya mawe. Mwaka 2013 kampuni ya Kichina iitwayo Fenxi ilitia sahihi mkataba na serikali wa kuchimba sehemu mbili za bonde hilo. Wenyeji walipinga mahakamani, na hukumu ikatolewa mwaka 2015. Hata mwaka 2023, miaka kumi baada ya sahihi zile, machimbo yalikuwa hayajafunguliwa.

Makaa ya mawe hayana lazima ya kuchomwa tu ili kufanya umeme. Ukipitisha mvuke wa maji juu ya makaa ya mawe yaliyo mekundu kwa moto, utapata kaboni monoksaidi na haidrojeni, na mchanganyiko huo ni mlango wa vitu vingi. Franz Fischer na Hans Tropsch, katika chuo kile kile cha Mülheim, walionyesha katika miaka ya 1920 kwamba kwa kichocheo cha chuma au kobalti mchanganyiko huo hugeuka mafuta. Afrika Kusini iliunda kampuni ya Sasol mwaka 1950 kwa kazi hiyo, na mwaka 1955 mafuta ya kwanza yalitoka. Twaona, basi, kwamba jambo laweza kufanyika katika Afrika. Lakini mimi sina haraka ya kulitamania Mui. Kazi ile hula maji mengi mno, na hutoa kaboni dayoksaidi kwa wingi mno. Nasi ni watu ambao mama zetu hufukua mchanga wa mto mkavu ili wapate mtungi mmoja. Atakayeleta hesabu ya kiwanda aanze na hesabu ya maji. Na kijana wa Mui atakayeketi mkutanoni kuisikiliza, ni afadhali awe amesoma kemia, ili asidanganywe na anayesifu wala na anayetisha.

Limebaki jambo moja, nalo lahusu mifuko. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, jioni ya siku ya soko miiba yote ya barabarani ilikuwa imechanua mifuko, na mbuzi waliichinjiwa nayo tumboni. Sheria iliweka faini ya shilingi milioni 2 hata milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hata minne, na viondo vikarudi mikononi kwa heshima. Mfuko ule hauozi kwa sababu mnyororo wake ni kaboni na haidrojeni tupu. Hauna mahali ambapo mwanga au vijidudu vyaweza kuushika. Lakini tia kaboni monoksaidi chache katika mnyororo huo, na kila moja huwa mahali pa udhaifu: hunywa miali mikali ya jua na kuukata mnyororo. Marekani wametumia hila hiyo kwa miaka mingi katika pete za plastiki zinazoshika makopo sita ya soda, ili ndege na samaki wasinaswe humo milele.

Ilikuwa vigumu kutia chache tu, mbalimbali, bila kuharibu nguvu za plastiki. Mwaka 2021 Stefan Mecking na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walieleza namna ya kufanya hivyo kwa kichocheo cha nikeli: ethilini nyingi, kisha kaboni monoksaidi moja, kisha ethilini nyingi tena. Plastiki yao ilikuwa imara kama plastiki ya kawaida ya ethilini, nayo ilipowekwa chini ya mwanga uliofanana na wa jua minyororo yake ilianza kukatika. Wanafunzi wangu hufurahi wakisikia hayo, hudhani wamepata njia ya kuirudisha mifuko. Mimi huwaambia wangoje. Mnyororo ukikatika vipande haujawa mchanga wala mbolea. Ni plastiki iliyo ndogo zaidi, na mbuzi aweza kuila bila kuiona. Faida yake kubwa naiona kwa vitu vinavyopotea shambani na baharini bila mtu kukusudia, nyavu na kamba na karatasi za kufunika miche, ambavyo sasa hukaa miaka na miaka. Nayo nikeli ni rahisi sana kuliko paladiamu, jambo ambalo mwenye kiwanda hulitazama kabla ya mengine yote.